Homa Ikikukuta Katikati ya Ratiba: Mwongozo wa Mwanatriathloni wa Kisumu

Jumamosi moja tulikuwa tumeshapita Kisian, jua ndiyo kwanza linachomoza, na barabara ya Busia ikaanza kupanda kuelekea Maseno. Hapo ndipo kila mtu hushusha gia na porojo hukatika. Mimi nilikuwa nimenyamaza tangu mjini. Viungo vinauma, mgongo una baridi, na nimevaa koti la mvua ilhali wenzangu wako na fulana. Nikajiambia ni uchovu wa wiki. Nikapanda hadi penye alama ya Ikweta, nikapiga picha kama kawaida, nikageuza. Jioni hiyo nilikuwa nimejikunja chini ya blanketi mbili, na Jumatatu hadubini ya zahanati ikathibitisha kile ambacho mama mboga wa mtaani kwetu alikuwa ameshakisema kwa kunitazama macho tu. Malaria.

Malaria yenyewe ilitibiwa kwa siku 3. Kilichoniharibia msimu ni nilichofanya siku ya 6: nilitoka nikakimbia kilomita 18 ili "kufidia". Nikalala tena, safari hii bila vimelea, ila na mwili uliokataa kila kitu. Wiki 5 zikaenda hivyo.

Mashindano yenyewe unayajua, triathloni ya masafa ya Ironman: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, mbio kilomita 42.2, na katika mengi unapewa saa 17 kumaliza yote. Maandalizi ni miezi 6 au 7. Ratiba nyingi tunazopakua zimeandikwa na watu ambao ugonjwa wao mkubwa wa mwaka ni mafua. Ukiifuata ratiba hiyo ukiwa kando ya Ziwa Victoria, utaugua tu, na ukurasa wa siku hiyo utakuwa hauna neno la kukuambia. Mwongozo huu ni wa kuujaza ukurasa huo. Mimi si daktari. Ni mtu aliyekaa kwenye mabenchi ya zahanati nyingi akiwa na viatu vya mbio miguuni.

Hatua ya 1: Ugonjwa uwe ndani ya kalenda kabla haujaja

Chukua kalenda ya ukutani, si programu ya simu. Hesabu wiki 30 kurudi nyuma kutoka siku ya mashindano. Sasa panga mazoezi ya wiki 25 tu. Zile 5 ziache wazi na uzitawanye, hasa Mei hadi Julai, kwa sababu katika ukanda wa ziwa malaria hupanda baada ya mvua ndefu. Usipougua, wiki hizo utazitumia kupumzika au kurudia kazi iliyokuwa ngumu. Ukiugua, hujakosa chochote, umetumia tu kilichokuwa chako. Najua inaonekana kama kujitabiria mabaya. Nilipomweleza mwenzangu mmoja aliniambia, "Omera, wewe unaalika ugonjwa." Yeye ndiye aliyekwama mwezi Juni akiwa na ratiba isiyokuwa na nafasi hata ya siku moja.

Kabla ya wiki ya kwanza, pimwa ukiwa mzima. Namba za mgonjwa hazina maana kama hujui namba zake akiwa na afya. Mimi hupima vitu vinne.

Himoglobini. Kwa kipimo cha WHO, mwanamume akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12, ana upungufu wa damu.

Selimundu, yaani sickle cell. Hapa magharibi mwa Kenya watu wengi hubeba jeni moja ya selimundu bila kujua, kwa sababu jeni hiyo moja iliwakinga mababu dhidi ya malaria kali. Mbebaji ni mtu mzima kabisa na anaweza kushindana. Ila jua kali, kukaukiwa maji na kujisukuma kupita kiasi kwa pamoja vinaweza kumwangusha, misuli ikavunjika na kuziba figo. Akijua, atakunywa maji kwa mpangilio, ataongeza kasi polepole, na akisikia misuli imelegea ghafla atasimama badala ya kujikaza.

Choo, kwa ajili ya kichocho. Hilo lina sehemu yake huko mbele.

La mwisho ni mapigo ya moyo ya asubuhi. Ukiamka, kabla hujainuka kitandani wala kushika simu, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu kwa sekunde 60, andika. Fanya hivyo kwa wiki 2 ndipo utajua kawaida yako. Yangu ni 52. Daftari la shilingi 30 linatosha, na kusema kweli limenifaa kuliko saa niliyoinunua kwa bei ya mbuzi wawili.

Hatua ya 2: Tofautisha uchovu na ugonjwa ukiwa bado kitandani

Mtu anayefanya mazoezi saa 12 hadi 15 kwa wiki huwa amechoka kila siku, kwa hiyo "nimechoka" si habari. Tazama mambo matatu kwa pamoja: mapigo, joto na mahali dalili zilipo.

Mapigo yakizidi kawaida yako kwa 10 au zaidi, usitoke siku hiyo, hata kama hujui sababu. Joto la kwapani likifika 37.5, hakuna mazoezi ya aina yoyote. Nunua kipimajoto, usitumie kiganja cha mke wako. Kuhusu mahali, makocha wengi hutumia shingo kama mpaka. Dalili zikiwa juu ya shingo peke yake, yaani pua kutiririka au koo kuwasha kidogo, unaweza kwenda polepole kwa dakika 30. Zikiwa chini ya shingo, kama kifua kubana, viungo kuuma, tumbo kuendesha au baridi ya mgongoni, baki nyumbani. Sababu si ulegevu. Baadhi ya virusi hushika msuli wa moyo, na kuusukuma moyo uliovimba kunaweza kuua. Maumivu ya kifua, moyo kurukaruka au kuzimia baada ya homa yoyote ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kosa tunalolifanya wengi wetu ni kumeza panado mbili, joto likashuka, tukasema tumepona, tukapanda baiskeli. Dawa imeficha kengele, moto bado unawaka.

Ukiwa na homa katika ukanda huu, pima malaria siku hiyo hiyo. Huna haja ya kungoja Jumatatu kama nilivyongoja. Zahanati yoyote ina kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni, na katika mitaa na vijiji vingi mhudumu wa afya ya jamii anacho nyumbani kwake. Majibu hutoka kwa dakika 15 hadi 20.

Hatua ya 3: Malaria, kutoka kidonge cha kwanza hadi baiskeli

Dawa ya kawaida ya malaria isiyo kali ni AL, yaani artemether-lumefantrine: mtu mzima hupewa dozi 6 kwa siku 3. Dozi ya pili huja saa 8 baada ya ya kwanza, na hapo ndipo watu hupoteza hesabu. Weka kengele hata kama ni saa tisa usiku. Jambo lisilosemwa vya kutosha dirishani ni kwamba dawa hii huingia mwilini vizuri ikiandamana na mafuta. Kunywa na maziwa yasiyopunguzwa mafuta, parachichi au mayai. Chai ya rangi na mkate mkavu havitoshi. Sisi wanamichezo tunaojisifu kula bila mafuta tunajipunja dawa yenyewe. Na ukimaliza siku ya pili ukijisikia mzima, malizia zilizobaki. Kichefuchefu kisichoruhusu dawa kukaa tumboni, kuchanganyikiwa, macho ya manjano au mkojo wa rangi ya kola ni malaria kali: hospitali, si kitanda.

Halafu kuna jambo la kipimo. Wiki moja baadaye unajisikia mnyonge, unaenda kupimwa tena kwa kile kipimo cha haraka, kinatoka chanya, unapewa dawa upya. Huenda huna malaria. Kipimo hicho hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Baada ya matibabu, omba damu itazamwe kwa hadubini.

Sasa kurudi. Mimi nahesabu hivi, na sijaona sababu ya kubadilisha: kila siku niliyokuwa na homa nailipa kwa siku 3 za mazoezi mepesi. Homa ya siku 4, siku 12 nyepesi. Saa haianzi kuhesabu hadi nimekaa saa 48 bila homa na bila dawa ya kuishusha.

Siku chache za kwanza ni kutembea. Kwangu ni kutoka nyumbani hadi Dunga na kurudi, pole, jioni jua likipungua. Asubuhi inayofuata mapigo yakibaki yalipo kwenye kawaida, naongeza. Yakipanda, narudia siku iliyotangulia. Kisha bwawa: mita 800, 1,000, bila saa, pumzi ikitosha kusengenya. Kuogelea huja mapema kwa sababu mwili umelala, maji yanapoza, na hakuna mahali pa kuanguka. Mbio fupi hufuata, dakika 20 za kukimbia na kutembea kwa zamu.

Baiskeli ya barabarani huja mwisho, na hapa watu hushangaa kwa sababu wanadhani baiskeli ndiyo laini. Tatizo ni wengu. Malaria huvimbisha wengu, nao ukishavimba hutokeza chini ya mbavu za kushoto ambako hauna kinga. Kuanguka kwa kawaida, kwa aina ile ya kusukumwa na nduthi pale Kondele ukainuka ukapangusa vumbi, kunaweza kuupasua ukavuja damu ndani kimyakimya. Mwombe daktari aukande kwa mkono, au upigwe picha ya mawimbi ya sauti. Hadi aseme umerudi mahali pake, funga baiskeli kwenye rola, uendeshe papo hapo sebuleni. Watoto watakucheka. Wacha wacheke.

Mwisho ni damu. Vimelea huvunja chembe nyekundu kwa mamilioni, na chembe mpya huchukua wiki kadhaa kutosha. Rudia himoglobini wiki ya 4. Yangu ilikuwa imeshuka kutoka 15.1 hadi 11.8, na muuguzi mmoja wa makamo akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Nyathina, na damu hii ulikuwa unapanda Riat?" "Ndiyo, sista." Hakuniongezea neno, aliandika tu "apumzike" na kupigia mstari mara mbili.

Usikimbilie vidonge vya madini ya chuma ukiwa bado na homa; hicho ni cha kuamuliwa na daktari baada ya kupona. Akiba ya chuma pia isipimwe ukiwa mgonjwa, maana maambukizi hupandisha namba hiyo ikaonekana nzuri kumbe sivyo. Chakula lakini anza mara moja: osuga (mnavu), dagaa wetu omena, maini mara moja kwa wiki, maharagwe, na limau au chungwa kando yake ili chuma kinyonywe. Chai ya maziwa isogezwe saa moja kutoka kwenye mlo, kwa sababu majani ya chai hukamata chuma kabla hujafaidi. Kwa mtu wa Kisumu hili la chai ndilo gumu kuliko yote.

Neno kwa wanaotoka Nakuru. Mji wenu uko mita 1,850 hivi juu ya bahari na malaria ni nadra. Huku ni mita 1,130 hivi. Mkija kambi ya wiki moja kuogelea, mwili wenu hauna mazoea yetu na homa huwa kali zaidi. Ulizeni daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, laleni ndani ya neti, na mkirudi nyumbani mkapata "mafua" siku ya 10, mwambieni daktari wa Nakuru mlikuwa Kisumu. Asipojua, huenda asiwaze.

Hatua ya 4: Ziwa na kichocho

Wengi hatuzungumzii kichocho kwa sababu kinaonekana ni ugonjwa wa watoto wa ufuoni. Lakini ziwa ni moja, na minyoo haiulizi umevaa miwani ya bei gani. Konokono wadogo hukaa kwenye maji ya kina kifupi penye majani na magugu maji, wanatoa viluwiluwi visivyoonekana, navyo hupenya ngozi hata isiyo na jeraha kwa dakika chache. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kuogelea ifanye bwawani. Kilomita 3.8 ni mizunguko 76 ya kwenda na kurudi katika bwawa la mita 25, inachosha akili, ndiyo. Ziwani nenda mara chache za lazima, kwa ajili ya kujifunza mawimbi na kuinua kichwa kutazama mbele. Ongea na kamati ya ufuo, lipa mvuvi, panda mashua hadi maji marefu, rukia huko na upandie huko. Usitembee majini kutoka ufuoni. Wavuvi pia ndio wanaojua viboko wamelala wapi wiki hiyo. Mapema alfajiri kiboko huwa anarudi majini kutoka malishoni, na hakuna mkufunzi wa kuogelea anayeweza kukusaidia ukimkatia njia. Mvuvi akisema leo hapana, ni hapana. Kujipangusa kwa taulo haraka baada ya kutoka kunasaidia kidogo, usikutegemee.

Dalili za mwanzo hutokea wiki 2 hadi 8 baadaye: mwasho, homa, kikohozi, vipele vinavyotokea na kupotea. Wengine hawaoni chochote isipokuwa uchovu unaokula mazoezi polepole, tumbo la mara kwa mara na baadaye damu kwenye choo. Mwanatriathloni aliyepungua kasi bila sababu kwa miezi miwili hudhani amejichosha. Apime choo kwanza.

Dawa ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600. Huua minyoo iliyokomaa, haiui michanga. Ukiimeza siku tatu baada ya kuogelea, umeimeza bure. Subiri wiki 6 hadi 8 tangu mara ya mwisho kuingia ziwani. Imeze umeshakula, jioni, na usipande baiskeli hadi kesho yake ipite, kwa sababu huleta kizunguzungu. Panga siku hiyo iangukie kwenye wiki nyepesi.

Hatua ya 5: Taifodi, na dawa inayokata kano

Hapa nitakuwa mfupi ila sikiliza. Mtu mwenye homa na tumbo huambiwa ana taifodi kwa kipimo cha Widal, ambacho hudanganya mara nyingi mahali penye taifodi nyingi, kwa sababu hushika kumbukumbu za maambukizi ya zamani. Kuotesha damu maabara ni bora. Mwombe daktari kwa heshima, "Daktari, tunaweza kuotesha kwanza?"

Kwa nini ubishane? Kwa sababu dawa utakayopewa huenda ni siprofloksasini, na familia hiyo ya antibiotiki inajulikana kudhoofisha kano, hasa ile nene ya kisigino. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo zito zaidi liwekwe kwenye dawa hizo mwaka 2008 kwa sababu hiyo. Kano inaweza kukatika ukiwa bado unameza au miezi kadhaa baadaye. Mwambie daktari unakimbia, uliza kama ipo dawa nyingine. Kama hakuna, meza, pona, ila ukihisi kisigino kinauma acha mbio na umrudie. Milima na mbio za kasi zikae kando wiki kadhaa.

Tumbo likiendesha, rudisha maji kabla ya kufikiria ratiba. Chumvi za ORS zipo kila duka la dawa. Ukizikosa, lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Hatua ya 6: Mguu ukigoma

Faida ya michezo mitatu ni kwamba jeraha mara nyingi huondoa mmoja tu. Goti la mkimbiaji bado linaogelea. Bega la mwogeleaji bado linaendesha. Kwa hiyo swali la kwanza si "nitapumzika muda gani" bali "nini bado hakiumi".

Hofu yangu ni mfupa. Ukiongeza mbio ghafla baada ya ugonjwa, mapafu hurudi haraka kuliko mifupa, nawe unaamini mapafu. Bonyeza kwenye ugoko. Maumivu yakienea urefu wa kiganja, huenda ni misuli na utando wake. Punguza, weka barafu, badilisha viatu vilivyochakaa. Yakiwa mahali pamoja unapoweza kupafunika kwa kidole kimoja, yanaongezeka ukiruka kwa mguu huo, na yanakuamsha usiku, chukulia ni ufa mwembamba wa mfupa hadi daktari akanushe. Picha ya eksirei ya wiki ya kwanza mara nyingi haionyeshi kitu. Ufa huonekana baada ya wiki 2 au 3, mfupa unapoanza kujiunga. Kwa hiyo "picha iko safi" si ruhusa ya kukimbia. Ufa wa ugokoni kwa kawaida hudai wiki 6 hadi 8. Maumivu ya kinena unapokanyaga ni jambo jingine: shingo ya mfupa wa paja ikivunjika kabisa ni upasuaji. Simama hapo ulipo, piga boda.

Katika wiki hizo kimbia ndani ya maji marefu ya bwawa, ukiwa na mkanda wa kuelea, miguu ikienda kama barabarani bila kugusa chini. Dakika 40, mara 3 kwa wiki. Inachosha na utaonekana kama mtu anayezama kwa utaratibu, lakini pumzi inabaki.

Uliza pia unakula kiasi gani. Mwanamke aliyekosa hedhi miezi 3, au mwanamume aliyepoteza hamu ya tendo la ndoa, huku mifupa ikipata nyufa, mara nyingi anakula kidogo kuliko anavyochoma. Bakuli mbili za uji wa wimbi wenye maziwa baada ya mazoezi marefu, ugali usiopimwa kwa macho ya watu, samaki. Nimeona watu wakinunua vidonge vya kalisiamu vya maelfu huku wakiruka chakula cha mchana.

Kuhusu diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kama njugu: usizimeze kabla au wakati wa mazoezi marefu. Ukikaukiwa maji huku umezimeza, figo hupungukiwa damu kwa sababu zote mbili.

Hatua ya 7: Umepoteza kiasi gani hasa?

Kidogo kuliko unavyohofia. Wanariadha waliozoea kazi ngumu, wakiacha kabisa kwa wiki 3, hupungukiwa kama asilimia 7 ya uwezo wa juu wa kutumia oksijeni. Sehemu ya kwanza kupotea ni majimaji ya damu, ndiyo maana siku ya kurudi moyo hupiga kwa kasi na unaona umerudi mwanzo. Majimaji hayo hurudi ndani ya siku chache.

Mimi huamua hivi. Nikikosa siku zisizozidi 7, naendelea na ratiba ilipo kana kwamba siku hizo hazikuwepo. Nikikosa wiki 2, narudi nyuma wiki 2 kwenye ratiba na kutumia zile wiki zangu za wazi. Nikikosa wiki 3 au 4, nabadilisha lengo: kumaliza, si muda. Zaidi ya 6, nabadilisha mashindano. Nusu ya masafa, yaani kilomita 1.9, 90 na 21.1, ipo jirani. Rubavu kule Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, wameandaa Ironman 70.3 tangu 2022, na safari yake haikuvunji mfuko kama ya Gqeberha, Afrika Kusini.

Kosa kubwa hapa ni kufidia. Kilomita 120 za baiskeli zilizokosekana haziongezwi kwenye wiki inayofuata. Zimekwenda. Ongeza kwa wiki si zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya uliyofanya wiki iliyopita, na ugonjwa ukija ndani ya wiki 3 za mwisho usijaribu kujenga chochote; huwezi kupata nguvu mpya muda huo, unaweza tu kupoteza uliyo nayo.

Kuhusu moyo, kwa maana ile nyingine. Kundi la WhatsApp litaendelea kutuma picha za Jumamosi bila wewe. Nilijitoa mara moja nikajuta. Mara ya pili nilipougua nilipanda matatu hadi Luanda na ndizi na maji, nikawangoja wenzangu njiani. Mzee mmoja muuza miwa aliniuliza kwa nini sipandi nami. Nikamweleza. "Ng'ombe akitoka kuugua," akasema, "tunamfunga jembe siku hiyo hiyo?" Akanipa kipande cha muwa bure.

Hatua ya 8: Asubuhi yenyewe

Kama umefika kwenye mstari, bado hesabu mapigo kitandani. Wasiwasi utayapandisha kidogo, hilo ni la kawaida. Joto la mwili halipandishwi na wasiwasi. Pima. Likiwa 37.5 au zaidi, rudisha chipu ya kupimia muda.

Mwaka 2010, Mwingereza Chrissie Wellington alifika Kona, Hawaii, akiwa ameshinda ubingwa wa dunia miaka 3 mfululizo. Asubuhi ya mashindano akajiondoa kwa sababu ya ugonjwa, bila kuingia majini. Mwaka 2011 alirudi, wiki 2 tu baada ya kuanguka vibaya na baiskeli, akashinda mara ya 4. Ugonjwa ni kitu kimoja, jeraha ni kingine, naye aliweza kutofautisha.

Ukishamaliza, au ukishajiondoa, fungua kalenda mara moja zaidi. Tafuta siku ya mwisho uliyoingia ziwani, hesabu wiki 8 mbele, zungushia kalamu nyekundu, uandike "choo". Mwaka jana niliandika hivyo, shemeji yangu akaisoma ukutani mbele ya wageni wa harambee, na bado nilikwenda kupimwa.